Kutengeneza programu nyepesi na huria ya kupangia picha kwenye kompyuta kuukuu

Chukua mpiga picha wa harusi wa Michenzani au Chake Chake. Ana picha 40,000 zilizotawanyika kwenye diski mbili za nje, memori kadi na simu. Kompyuta yake imenunuliwa mkono wa pili, ina RAM ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka, na betri yake imeshakufa, kwa hiyo inaishi kwa waya. Programu kubwa za picha humo hukwama kabla picha ya kwanza haijaonekana. Anachohitaji ni kitu kidogo kinachojua picha gani iko wapi, ilipigwa lini, pahala gani, na inamhusu nani. Kisihariri picha wala kisidai intaneti.

Kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, shika kanuni moja: picha ya asili haiguswi. Picha ni amana ya watu. Programu isiandike hata baiti moja ndani ya faili la picha. Lebo, tarehe zilizosahihishwa na majina vyote viandikwe pembeni. Sababu ni ya kiufundi vilevile. Kuingiza lebo ndani ya JPEG aghalabu ni kuliandika faili upya, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, picha ya nikahi ndiyo imekwenda, na nikahi haifungwi mara ya pili ili ipigwe picha.

Vifaa

Python 3, maktaba ya Pillow ya kufungulia picha, na SQLite, hifadhidata ya faili moja ambayo imo ndani ya Python tayari. Sura ya programu iwe kurasa za kivinjari zinazotolewa na seva ndogo ndani ya kompyuta yenyewe, kwa `ThreadingHTTPServer` inayokuja na Python. Kuna watu hupenda kufunga kivinjari kizima ndani ya programu yao. Usifanye hivyo: utabebesha mashine mamia ya megabaiti ilhali kivinjari anacho tayari.

Seva ifunguliwe kwenye anwani 127.0.0.1 peke yake. Ukiandika 0.0.0.0, kila aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi ileile, ya hoteli au ya mkahawa, ataweza kuzitazama picha za wateja. Na ukurasa uombe picha kwa namba yake, mfano `/picha/1832`, usipokee njia ya faili kutoka kwenye anwani. Ukipokea njia, mtu ataandika `../../` na kusoma faili lolote la mwenye kompyuta.

Hifadhidata

Jedwali kuu halihitaji mambo mengi:

```
CREATE TABLE picha (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  diski TEXT NOT NULL,
  njia TEXT NOT NULL,
  ukubwa INTEGER,
  ilibadilika INTEGER,
  hashi TEXT,
  kamera TEXT,
  wakati TEXT NOT NULL,
  chanzo_wakati TEXT NOT NULL,
  latitudo REAL,
  longitudo REAL,
  faragha INTEGER DEFAULT 0,
  ipo INTEGER DEFAULT 1,
  UNIQUE (diski, njia)
);
CREATE INDEX kwa_wakati ON picha (wakati, id);
```

Safu ya `diski` ndiyo wengi huisahau. Kwenye Windows diski ya nje leo ni E:, kesho baada ya kuchomeka flashi ni F:. Ukihifadhi njia nzima, programu itadhani picha zote zimehama. Weka faili dogo la utambulisho kwenye mzizi wa diski ya nje, lenye namba ya nasibu, kisha hifadhi namba hiyo pamoja na njia inayoanzia kwenye mzizi.

Safu ya `ipo` ina uzito kuliko inavyoonekana. Kosa baya kuliko yote katika programu za aina hii ni hili: programu inakagua folda, inakuta faili halipo, inafuta mstari wake. Siku diski haikuchomekwa vizuri, ukaguzi mmoja unafuta lebo za miaka mitatu. Kwa hiyo ukaguzi usifute kitu. Uandike `ipo = 0`, na diski nzima isipoonekana usiguse hata hilo. Kufuta mstari ni uamuzi wa mtu, kwa kitufe chake.

Washa `PRAGMA journal_mode=WAL`, ambayo huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, na `PRAGMA synchronous=NORMAL`. Umeme ukikatika, hifadhidata itabaki nzima. Kitakachopotea ni miamala ya mwisho, yaani mafungu ya maandishi yanayohitimishwa pamoja: ya ukaguzi itarudishwa na ukaguzi unaofuata, lebo za dakika hiyo zitabidi ziandikwe upya. Faili la hifadhidata likae kwenye diski ya ndani, si kwenye folda ya mtandao, kwani WAL haifanyi kazi huko.

Usihitimishe muamala kwa kila picha. Kwa mpangilio wa kawaida wa SQLite, kila `commit` (kuhitimisha muamala) husubiri diski ithibitishe kuwa imeandika, na diski ya kuzunguka inamudu makumi machache tu ya kazi hiyo kwa sekunde; WAL na `NORMAL` hupunguza kusubiri huko, lakini kila `commit` bado ina gharama yake. Kusanya picha 500, kisha hitimisha mara moja. Kwa picha 40,000, badiliko hilo moja huokoa muda wa kusubiri.

Ukaguzi wa pili na kuendelea ulinganishe ukubwa na muda wa kubadilika, na ufungue tu faili ambalo kimojawapo kimebadilika. Memori kadi za FAT32 huhifadhi muda kwa hatua za sekunde 2, basi ruhusu tofauti ya sekunde 2, la sivyo picha iliyonakiliwa itaonekana mpya wakati haina jipya.

Vijipicha

Kijipicha ni nakala ndogo ya picha inayoonyeshwa kwenye orodha, na hapa ndipo programu nyepesi inapotengana na nzito. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikifunguliwa yote huchukua baiti tatu kwa kila pikseli, yaani megabaiti 72 za RAM. Fungua nne kwa pamoja kwenye kompyuta yetu na kivinjari kitaanza kuhema. Lakini JPEG ina fadhila yake: inaweza kufunguliwa moja kwa moja ikiwa nusu, robo au thumuni ya ukubwa wake. Kwa thumuni, picha hiyohiyo inatoka 750 kwa 500, kama megabaiti 1.1. Pillow hufanya hivyo yenyewe ukifuata mpangilio huu:

```
with Image.open(njia) as p:
    p.thumbnail((320, 320))
    k = ImageOps.exif_transpose(p)
    k.convert("RGB").save(buffer, "JPEG", quality=75)
```

Tazama mstari wa pili na wa tatu. Kupunguza kunatangulia, kugeuza kunafuata. Ukianza na `exif_transpose`, picha iliyopigwa kamera ikiwa wima itabidi ifunguliwe yote kwanza ili igeuzwe, na ile njia ya mkato imeshapotea. Msimbo bado utafanya kazi, matokeo yatakuwa yaleyale, ila utakuwa mzito mara nyingi zaidi na hutajua kwa nini. Na usiuache mstari wa tatu: kamera haigeuzi pikseli, huandika tu namba ya mwelekeo, na bila ya kuisoma nusu ya mabibi harusi watalala ubavu.

Kijipicha cha pikseli 320 kwa ubora wa 75 huwa kama kilobaiti 20. Vijipicha 40,000 ni kama megabaiti 800. Ukiviweka kama mafaili kwenye diski ya nje ya exFAT kubwa kuliko gigabaiti 32, hesabu inageuka: Windows kwa kawaida hugawa diski hiyo kwa vipande vya kilobaiti 128, na faili la kilobaiti 20 linashika kipande kizima. Megabaiti 800 zinakuwa gigabaiti 5. Viweke kwenye hifadhidata ya pili ya SQLite, `vijipicha.db`, kila kimoja kikiwa BLOB, yaani baiti zake zikiwa ndani ya jedwali. Faili hilo likiharibika au likijaa, mtu analifuta na programu inalijenga upya; lebo ziko salama kwenye faili jingine.

Picha mbovu hazikosekani. Kadi iliyochomolewa kabla kunakili hakujaisha huacha mafaili yaliyokatika, na Pillow hutoa kosa la `OSError`. Lishike, andika jina la faili kwenye orodha ya mbovu, endelea na inayofuata. Programu inayosimama kwenye picha ya 11,302 kwa sababu ya faili moja haina faida kwa mtu. Picha za HEIC za iPhone zinataka maktaba ya `pillow-heif`. Mafaili ghafi ya kamera, kama CR2 na NEF, yana JPEG ndani yake. Itoe hiyo kwa `rawpy` badala ya kuchakata faili zima.

Mtu akibofya kijipicha, usimpelekee faili la asili moja kwa moja. Mtengenezee ya pikseli 1600 papo hapo kwa njia ileile ya kupunguza, na asili iwe kwa anayetaka kuvuta karibu.

Wakati

Tarehe ya kupigwa picha imo kwenye Exif, yaani maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili la picha, kila moja likiwa na namba ya tagi yake; ya tarehe ni 36867, lakini haiko ngazi ya juu. Ukiandika `p.getexif().get(36867)` utapata `None` na kudhani kamera haikuandika. Iko ndani ya sehemu yake:

```
e = p.getexif().get_ifd(0x8769)
wakati = e.get(36867)
```

Tagi 306 ya ngazi ya juu inapatikana kirahisi zaidi na ndiyo inayowapoteza wengi: ni tarehe ya faili kubadilishwa, na picha iliyopita kwenye programu ya kuhariri itaonyesha siku ya kuhaririwa.

WhatsApp huondoa Exif, lakini huacha tarehe kwenye jina: `IMG-20240112-WA0003.jpg` ilitumwa au kupokelewa tarehe 12 Januari 2024. Si lazima iwe siku ya kupigwa. Ndiyo maana ipo safu ya `chanzo_wakati`: andika `exif`, `jina` au `faili`, na mtumiaji aonyeshwe kwa rangi tofauti ni tarehe gani ya kuaminika na ipi ya kukisia. Ukikosa vyote tumia muda wa faili, ila usiache `wakati` ikiwa tupu. Mstari usio na wakati hauingii kwenye ulinganisho wowote wa SQL, na picha itatoweka kwenye orodha bila kosa lolote kuonekana.

Tagi hiyo ya tarehe yenyewe haina saa za kanda. Wapiga picha wawili kwenye harusi moja, kamera moja ikiwa imeachwa na saa za Ulaya na nyingine imerudi mwaka 2000 baada ya betri ndogo kufa, watakupa harusi mbili. Weka jedwali la marekebisho kwa kila kamera, lenye kipindi chake: kamera hii, kuanzia lini hadi lini, ongeza sekunde kadhaa. Mtumiaji achague picha mbili za tukio lilelile, moja ya kila kamera, na programu ihesabu tofauti yenyewe. Rekebisho linabaki kwenye hifadhidata. Exif inabaki kama ilivyo.

Kisha onyesha saa kama watu wanavyozisema. Hifadhi 10:00, onyesha saa 4 asubuhi:

```
def saa_ya_kiswahili(h):
    return (h - 6) % 12 or 12
```

Saa 6 ya kompyuta inatoa 12, saa 0 inatoa 6, yaani saa sita usiku. Neno la kipindi liandikiwe mipaka yake: alfajiri kuanzia 4:00, asubuhi 6:00, mchana 12:00, jioni 16:00, usiku 19:00.

Jambo la siku linataka uangalifu zaidi. Hapa Visiwani mzee akisema usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku unaoingia Alhamisi magharibi. Kijana aliyezoea simu anakusudia Ijumaa yenyewe baada ya jua kutua. Programu isichague upande: iandike "Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa", na wote wawili wataelewa. Na usikate albamu saa sita usiku, kwani shughuli ya harusi haikatiki hapo. Siku ya albamu ianze saa 10 alfajiri.

Pahala

Latitudo kwenye Exif huandikwa bila alama ya kutoa. Kusini kunaonyeshwa na herufi S katika tagi nyingine. Ukiisahau, picha iliyopigwa Forodhani, takriban nyuzi 6.16 kusini na 39.19 mashariki, itaangukia kaskazini ya ikweta, ndani ya Ethiopia. Watengenezaji wanaoishi kaskazini hawaligundui kosa hili maana kwao namba ni chanya siku zote.

```
g = p.getexif().get_ifd(0x8825)
d, m, s = g[2]
lat = float(d) + float(m)/60 + float(s)/3600
if g.get(1) == "S":
    lat = -lat
```

Ili kutaja jina la pahala bila intaneti, tengeneza jedwali la vituo: jina la shehia au kijiji, latitudo, longitudo. Chukua kituo kilicho karibu, na ukomo uwe kilomita 3. Zaidi ya hapo andika kisiwa tu. Kisiwa hujulikana kwa mstatili: Unguja kati ya latitudo -6.5 na -5.7, longitudo 39.1 na 39.6, Pemba kati ya -5.5 na -4.85, longitudo 39.55 na 39.9. Ukitegemea orodha za majina za dunia, kumbuka Pemba ipo nyingine, mji wa kaskazini mwa Msumbiji.

Lebo na utafutaji

SQLite ina FTS5 kwa kutafuta maneno, na ni ya kasi ya kutosha. Ila ijaribu kwa neno Ng'ambo kabla ya kufurahi. Kwanza, FTS5 hukata neno kwenye kiapostrofi, unapata "ng" na "ambo". Pili, mtu akiandika Ng'ambo kwenye kisanduku cha kutafuta, swali zima linaanguka kwa kosa la sintaksia. Tatu, simu huandika kiapostrofi kilichopinda, kompyuta kilichonyooka, na mashine ikilinganisha herufi kwa herufi hayo ni maneno mawili. Dawa ni moja: ondoa aina zote za kiapostrofi kabla ya kuhifadhi kwenye faharasa na kabla ya kutafuta, vyote viwe `ngambo`, na kila neno la mtafutaji lizungushiwe alama za nukuu. Jina la kuonyesha libaki na kiapostrofi chake.

Ongeza jedwali la majina mbadala. Jengo lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020 pale Forodhani, mmoja ataliwekea lebo Beit al-Ajaib, mwengine Beit el Ajaib, mwengine Jumba la Maajabu. Vivyo hivyo Mji Mkongwe na Stone Town. Usiwalazimishe watu tahajia moja. Unganisha majina yote kwenye namba moja, na utafutaji wa lolote ulete zote. Picha za jengo lile kabla ya kuporomoka hazipigiki tena, na picha isiyopatikana kwa sababu ya herufi moja ni kama imepotea.

Lebo zitolewe pia kama mafaili ya XMP, mafaili madogo ya maelezo yanayokaa kando ya picha, kwa mtindo wa `IMG_2031.jpg.xmp`, maneno yakiwa chini ya `dc:subject`. Programu nyingine huria za picha, digiKam na darktable, husoma mtindo huo, kwa hiyo siku mtu akiiacha programu yako ataondoka na kazi yake.

Picha za faragha

Picha za upande wa wanawake, bibi harusi amepambwa, wenziwe bila ushungi, hukabidhiwa mpiga picha kwa sharti la kutotoka. Programu ilibebe sharti hilo. Picha yenye `faragha = 1` isionekane kwenye orodha ya kawaida, isiingie kwenye utoaji wa pamoja, na kijipicha chake kisihifadhiwe kabisa; kitengenezwe kikitakiwa, kikae kwenye RAM, na seva itume `Cache-Control: no-store` ili kivinjari nacho kisikiweke.

Hapa wengi huteleza. Mteja anaomba picha ifutwe, faili linafutwa, na kijipicha kinabaki, uso unaonekana vizuri. Hata ukikifuta kwenye SQLite, baiti zake hubaki ndani ya faili mpaka zifunikwe na nyingine. Washa `PRAGMA secure_delete=ON` kwenye `vijipicha.db` tangu mwanzo, na baada ya kufuta endesha `PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE)` ili faili la WAL nalo lisafishwe. Wakati wa kutoa nakala kwa ajili ya mitandao, ondoa Exif yote, kwani GPS humo ndani inaonyesha nyumba ya watu.

Nakala zinazofanana

Linganisha ukubwa kwanza. Zinazolingana tu ndizo zipigiwe hashi ya SHA-256, alama fupi inayokokotolewa kutokana na baiti zote za faili. Kuzipigia zote 40,000 ni kuisomesha diski nzima bure. Onyesha nakala, usizifute. Na picha tano za mfululizo zinazofanana kwa jicho si nakala, hata hashi zake hazilingani: katika nne bibi harusi amefumba macho.

Orodha ndefu

Kurasa za picha 200 zinatosha, lakini usitumie `OFFSET`: ukurasa wa 150 utailazimu SQLite kupita karibu mistari 30,000 kwanza. Kumbuka picha ya mwisho iliyoonyeshwa na uendelee hapo:

```
SELECT id FROM picha
WHERE (wakati, id) < (?, ?)
ORDER BY wakati DESC, id DESC LIMIT 200
```

Na kila uzi wa seva (thread, kazi moja kati ya zinazoendeshwa kwa pamoja) ufungue muunganisho wake wa SQLite. Ukitumia mmoja kwa wote, Python itakataa kwa kosa la `ProgrammingError`.

Kuitoa kwa watu

Msimbo usio na leseni si huria, hata ukiuweka wazi kwenye tovuti za msimbo kama GitHub au Codeberg: haki zote zinabaki kwako na mwengine hana ruhusa ya kuutumia. Weka faili la `LICENSE` siku ya kwanza. GPL toleo la 3 inamtaka anayeisambaza programu iliyobadilishwa atoe na msimbo wake, MIT haimtaki. Kwa programu iliyotengenezwa ili ibaki mikononi mwa watu, GPL inafaa zaidi. Maelezo ya kufunga na ya makosa yaandikwe kwa Kiswahili, ujumbe wa kwenye skrini pia.

Usiweke picha za wateja kwenye hazina ya Git, chombo kinachotunza kila toleo la msimbo, kama mifano ya majaribio, hata moja. Ukiifuta kesho, historia ya Git bado inayo. Tengeneza picha za rangi tupu kwa Pillow na uziandikie Exif unayotaka: moja ya kusini, moja ya wima, moja iliyokatika katikati, moja isiyo na tarehe.

Kabla ya kutoa toleo, chomoa waya wa umeme katikati ya ukaguzi, washa tena, na endesha `PRAGMA integrity_check`. Jibu liwe `ok`. Chomoa diski ya nje katikati ya ukaguzi, na hesabu lebo kabla na baada, zisipungue.

Mtu wa Wete au Makunduchi asilazimike kumaliza bando kwa kufunga programu. Kwenye kompyuta yenye intaneti endesha `pip download pillow pillow-heif rawpy -d vifurushi`, weka folda hiyo na programu kwenye flashi, na kwake endesha `pip install --no-index --find-links vifurushi pillow pillow-heif rawpy`. Vifurushi hufungamana na toleo la Python na mfumo wa kompyuta: vilivyopakuliwa kwa Python 3.12 ya Windows ya biti 64 havitaingia kwenye 3.10, na kosa litakalotoka litasema tu kwamba hakuna toleo linalofaa. Weka na kisakinishi cha Python chenyewe kwenye flashi hiyohiyo, toleo lilelile ulilopakulia.